Kiingereza cha wagonjwa hakimo katika orodha zenu, wenye vyuo vya lugha

Mhariri,

Tangu Kenya na Uingereza zitie saini mkataba wa wauguzi wetu kwenda kufanya kazi kule mwaka 2021, vijana wengi hapa Mombasa wanajiandaa kwa mitihani ya Kiingereza ya IELTS na OET. Jioni huwasaidia baadhi yao barazani kwangu. Kiingereza chao cha vitabuni hakina kasoro: vomit, faint, tolerate, yote wanayajua. Lakini mzee aliyelazwa Leeds, Uingereza, hazungumzi hivyo. Atakwambia “I threw up”, ametapika. Goti lake “is playing up”, limeanza tena kumsumbua. Amekuwa “off his food”, chakula hakimpandi. Muuguzi wetu hapo anabaki kutafuta ni nani anayecheza.

Vitenzi hivi vyenye vijineno mkiani, ambavyo walimu huviita phrasal verbs, hufundishwa kwa orodha ndefu za kukariri, get kurasa kadhaa, kisha take, zikapangwa kwa alfabeti badala ya haja. Binti mmoja aliniandikia zoezi kwamba mgonjwa “passed away”, yaani alifariki, saa nne, na saa tano akanywa chai. Alikusudia “passed out”, yaani alizimia. Tulicheka sana, ila wodini ripoti kama hiyo ingewafanya jamaa waanze kupanga mazishi.

Wapo wanaosema ukishajua maana ya kijineno umemaliza kazi: off ni kuondoka, basi. Inasaidia kidogo. Ganzi ikiisha nguvu, “it wears off”, sawa, imeondoka. Sasa mgonjwa “drops off”: ameondoka kwenda wapi? Amesinzia tu. Na “come round” ni kuzinduka baada ya nusukaputi, hakuna aliyezunguka popote. Halafu kuna mpangilio wa maneno. Kohozi waweza kusema “bring it up”, kamwe si “bring up it”. Lakini kumtunza mgonjwa ni “look after her”, ukisema “look her after” watakushangaa.

Vijana wasijione wazito. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya 1755, alikiri kwamba hapa ndipo wageni wanapotaabika zaidi. Nasi tunapiga pasi, tunapiga chafya, tunapiga simu, na mgeni anayejifunza Kiswahili hutuuliza ni nani aliyepigwa.

Ombi langu ni kwa wenye vyuo vya lugha, ambao ada zao si haba. Pangeni masomo kwa siku ya mgonjwa: kuamka, kula, maumivu, choo, usingizi. Waalikeni wauguzi waliofanya kazi Uingereza wakarudi, waigize wagonjwa wanaolalamika, tena kwa kasi na lafudhi za kule, na mwanafunzi aandike ripoti papo hapo. Kwa sasa nawaona wanafunzi wenu wakija kwangu na daftari zimejaa, lakini ukiwauliza mgonjwa amesema nini, wananyamaza.

Muuguzi mstaafu,
Kisauni, Mombasa