Mdogo wangu, hukukimbia bure

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu sana. Hapa Ggaba, Uganda, sote wazima, Ziwa Victoria limetulia, na mukene, dagaa wetu, wa leo wameanikwa tangu asubuhi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa ndugu zetu wengi wako huko pwani ya Marekani, na najua dada zao wanalala na simu mkononi kama mimi.

Juzi ulisema neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni. Ulisema msimu huu wa vimbunga hata wakitangaza watu wahame, wewe hutoki, kwa sababu kimbunga Milton kilipokuja ulikimbia bure: ulirudi ukakuta hakuna hata tone la bahari ndani ya nyumba. Nimekaa na neno hilo siku tatu. Leo nakujibu.

Tangu uhamie St. Petersburg, Florida, kuanzia Juni hadi Novemba siku zangu zinafuata taarifa za Kituo cha Taifa cha Vimbunga kule Miami. Kimbunga kikiwa njiani wanazitoa mara nne kwa siku, na kwa saa za kwetu zinaangukia saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku na saa 12 asubuhi. Ile ya saa 6 usiku ndiyo ngumu. Zamani nilikuwa natazama ile koni wanayoichora kwenye ramani ya njia ya kimbunga. Nikiona mji wako uko nje yake, namshukuru Mungu, nalala. Kumbe koni inaonyesha tu jicho la kimbunga, yaani kitovu chake, linatazamiwa kupita wapi. Haisemi upepo utafika wapi, wala maji. Na zile daraja za vimbunga, 1 hadi 5, zinapima upepo peke yake.

Unakumbuka kimbunga Helene? Tarehe 26 Septemba 2024 jicho lilipita mbali baharini, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwenu, likaenda kutua kaskazini kabisa mwa Florida. Ulinipigia hapa kukiwa kumeshakucha, Ijumaa, wewe uko juu ya kaunta ya jikoni gizani, na nyuma ya sauti yako nasikia kitu kinagonga ukuta, du, kinanyamaza, du. Nikakuuliza ni nini. Ukasema, "Ni friji, dada. Inaelea." Usiku huo bahari kwenye kipimo cha mji wenu ilipanda karibu mita 2 juu ya maji kujaa ya kawaida. Kuna majirani wa kaunti yenu waliofia ndani ya nyumba zao.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jibu. Vimbunga vya upande huo wa dunia vinazunguka kinyume cha mishale ya saa, na bahari yako iko magharibi. Jicho likipita kaskazini yako, upepo unakujia kutoka baharini na kuyasukumia maji ndani ya ghuba. Bahari ya hapo mbele ni ya kina kifupi kwa masafa marefu, kwa hiyo maji yakisukumwa hayana pa kwenda ila nchi kavu. Jicho likipita kusini yako, upepo unatoka bara na kuyafukuza maji. Milton ilitua Siesta Key usiku wa tarehe 9 Oktoba, mwaka huo huo wa Helene. Siesta Key iko kusini kwenu, kilomita zisizofika 70! Ndiyo maana ghuba yenu ilikauka na bahari ikapanda kwa wenzenu wa kusini. Kama jicho lingesogea kidogo tu kaskazini, ungerudi kukuta nini?

Na kimbunga Ian, 2022, kilikuwa hivyo hivyo. Kwenu watu walishuka kwenye matope ya ghuba iliyokauka, wakatembea. Fort Myers Beach, kusini zaidi, bahari ilisimama mita 3 hadi 4 na ushei juu ya ardhi. Ni maji hayo, wala si upepo, yaliyoua watu 41 katika kimbunga kile.

Sisi wa ikweta hatuzaliwi na vimbunga, lakini maji tunayajua. Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kupita rekodi ya 1964, Mama alichomeka kijiti pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, kila asubuhi anafunga uzi mwekundu maji yalipofika. Kidole kimoja, siku nyingine nusu kidole. Uzi ulipofika wa kumi na tisa tukahamisha magodoro, kesho yake sufuria, keshokutwa kuku. Ziwa lilitupa wiki nzima nzima. Bahari yako inafanya kazi hiyo kwa saa chache, gizani, na mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani nzima. Hakuna mlango unaoizuia.

Nyumba yako iko kanda A, wale wanaoambiwa wahame kwanza. Wakiitaja kanda A, toka siku hiyo hiyo kungali mchana, kabla upepo haujazidi na madaraja hayajafungwa. Usiende mbali mpaka uishiwe mafuta barabarani. Nenda kwa yule mwenzako wa kazini kule Lakeland, bahari haifiki. Ukirudi ukakuta pakavu, nipigie, tufurahi pamoja. Nauli na chakula ulichotumia nitakurudishia mimi, hata kwa kuuza mukene.

Mama bado anacho kile kijiti, kiko nyuma ya mlango na nyuzi zake zote. Jana ameniuliza kama huko kwako kuna mahali pa kukichomeka. Nimemwambia nitakuuliza.

Taarifa ya saa 6 usiku ikitoka, nitakuwa macho.

Dada yako