Salamu za Pentekoste kutoka bustanini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wazee wetu shikamooni, na wengine wote salamu nyingi katika jina la Bwana. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha Pentekoste nyingine, maana wapo waliotamani kuiona na hawakujaliwa.

Kwetu mwaka umekuwa mzito. Bei zimepanda hadi mtu anaingia sokoni na kikapu anatoka na kimfuko. Na Baba, aliyekuwa akiitunza bustani ya mboga ya nyumbani, hayupo tena. Kiangazi ndio kwanza kinaanza, nasi tuliobaki tunajifunza kazi aliyoifanya kimya kimya: kupunguza miche ya karoti iliyobanana, kukata machipukizi ya nyanya yanayochomoza kwapani mwa majani, kumwagilia asubuhi, tena shinani, majani yasilowe yakashikwa na ukungu. (Kupunguza miche kunauma jamani. Unang'oa kilicho hai ili kingine kipate nafasi.)

Aliacha chupa ya mbegu za maharage, kazichanganya na majivu ili fukusi wasiziguse. Tulizipanda kwa mashaka. Zimeota. Mche wa maharage hutoka ardhini umeinama, mgongo ukitangulia, kisha hunyooka ukiwa umebeba vile vipande viwili vya mbegu iliyopasuka. Nilipouona wa kwanza nililia, na siku ya mazishi sikulia hivyo.

Wapendwa, siku hii kabla ya Roho kushuka ilikuwa tayari sikukuu ya wakulima. Ni ile Sikukuu ya Majuma, siku ya hamsini, watu walipopeleka mbele za Bwana malimbuko ya ngano. Sasa fungueni Walawi 23. Maagizo ya sadaka za siku hiyo yakiisha tu, mstari wa 22 unasema usivune kabisa pembe za shamba lako, wala usikusanye masazo. Waachie maskini na mgeni. Huo ndio mstari tunaouruka! Tunaimba, tunafunga, tunatoa zaka, halafu tuta letu tunalichuma mpaka jani la mwisho huku jirani anatutazama. Mwaka wa bei kali ndio hasa mwaka wa kuacha pembe. Usiseme huna shamba. Hata mwenye matuta mawili ana pembe zake. Chuma fungu la kwanza, lile zuri, si majani yaliyotobolewa na wadudu, umpelekee mjane, umpelekee aliyepoteza kazi. Na usimpige picha.

Basi Mungu abariki kuingia kwenu na kutoka kwenu, awajalie afya, amani na mavuno tele. Nawatakia nyote sikukuu njema ya Pentekoste.

Mbegu za Baba zimebaki kiasi. Anayezitaka aniambie mapema kabla msimu haujapita, nitamgawia pamoja na majivu yake.