Tazama kwanza mikono ya mtoto

Mwanangu,

Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu. Ulisema kwenye simu kwamba huko Uffizi, jumba la sanaa la Florence, umechoka na picha za Bikira Maria, eti wote wanafanana. Kwa sura, kweli. Ukirudi, achana na sura, tazama mtoto ameshika nini.

Anza na picha ya mchoraji Raphael, ile ya mwaka 1506 hivi. Yohane mdogo amemletea Yesu ndege, na Yesu anampapasa ndege huyo kichwani. Ni chiriku wa Ulaya, mwenye uso mwekundu. Watu wa zamani walisimulia kwamba alichomoa mwiba kwenye taji la Yesu, damu ikamrukia. Basi mtoto anachezea mateso yake mwenyewe, na mama yake, kitabu mkononi, anatazama tu. Ubao wenyewe uliochorwa picha hiyo uliwahi kuvunjika vipande 17, nyumba ulimokuwa ilipoporomoka. Ukarabati wa mwisho ulichukua miaka kumi, hadi 2008.

Kwa mchoraji Botticelli, mtoto ameshika komamanga lililopasuliwa. Wapo wanaosoma damu pale, wapo wanaosoma ufufuko. Mimi nabaki na damu, kwa sababu ya macho ya Maria: hana furaha hata chembe.

Wala usidhani ilikuwa ibada tupu. Buluu ya joho lake ilisagwa kutokana na jiwe la Badakhshan, Afghanistan. Mwaka 1485 mchoraji Ghirlandaio aliandikiana mkataba na Innocenti, kituo cha watoto waliotupwa, hapohapo Florence, amchoree Maria na Mamajusi. Mkataba ulidai buluu ya florini nne, sarafu za dhahabu za Florence, kwa wakia. Heshima ya Mama wa Mungu ilipimwa kwenye mizani!

Ninayoipenda kuliko zote iko Milano, pale kwenye makumbusho ya Brera, ya mchoraji Piero della Francesca. Mtoto amelala mapajani, amelegea kama maiti, na shingoni ana marijani nyekundu. Waitaliano waliwavisha watoto marijani wasipatwe na kijicho, kama bibi yako alivyokufunga hirizi kiunoni hadi paroko akamkemea. Mwana wa Mungu naye kavalishwa kinga, na kinga yenyewe ina rangi ya damu. Juu ya kichwa cha Maria linaning'inia yai. Wataalamu wanabishana: la mbuni au la kuku? Wewe umekulia bandani kwa kuku wangu. Ukifika Milano likague vizuri, uniandikie.

Mama yako