Kwa Asha, kuhusu mashahidi wa Pugu

Shangani, Unguja

Shoga yangu Asha,

Salamu nyingi, na zimfikie mama na wote hapo Wete. Sisi huku hatujambo, ila joto limetukomesha.

Umeniuliza hawa mashahidi tunaokwenda kuwahiji Pugu ni akina nani, na kama ndio wale wa Uganda. Sio wao, bibi. Wa Uganda ni Waganda wenyewe, Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa aliwatangaza watakatifu 22 mwaka 1964, na siku yao ikifika Namugongo hapapitiki.

Wa Pugu ni wageni: Wajerumani, mabruda na masista wa Kibenediktini. Walifika pwani mwaka 1888 wakajenga kwenye vilima vile nje ya Dar es Salaam, Pugu ile ile aliyosomesha Nyerere kabla hajaingia siasa moja kwa moja. Tarehe 13 Januari 1889 wakavamiwa na watu wa Abushiri, yule aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani. Sista Martha Wansing, Bruda Petrus Michl na Bruda Benedikt Kantwerk waliuawa, wenzao wakachukuliwa mateka.

Sasa hapa ndipo mie napotofautiana na baadhi ya wenzangu wa jumuiya. Wao wanasema waliuliwa kwa chuki ya dini, basi. Lakini angalia mambo yalivyokuwa. Sultani wetu Khalifa alikuwa ametia saini Aprili 1888, akaikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Agosti kampuni ikaja kutwaa forodha na kupandisha bendera yake, watu wa Pangani na Bagamoyo wakachachamaa, na Abushiri akashika uongozi. Tena huko Bagamoyo walikuwepo mapadre Wakatoliki vile vile, Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotokea hapa hapa Mjini mwaka 1868. Hao Abushiri hakuwagusa. Misheni yao ikajaa wakimbizi vita vyote. Ingekuwa chuki ya dini tupu, wangesalimika vipi?

Usinielewe vibaya, Sista Martha namwombea na namwomba aniombee. Hakuja na bunduki. Lakini alikuja nyuma ya watu waliokuwa nayo, na mwenye nyumba yake kuporwa hakai kumwuliza mgeni kama yeye ni mtawa au karani wa kampuni. Hata Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa na mabruda wawili na masista wawili Agosti 1905 wakielekea Peramiho, aliingia katikati ya Majimaji. Mazungumzo ni yale yale.

Siku ya hija yenyewe tulivuka na boti ya asubuhi, tukapanda daladala mbili. Kule juu kuna baridi ya msitu, utafurahi wewe usiyependa joto. Wanawake walivua viatu wakaanza Njia ya Msalaba kwa miguu mitupu juu ya changarawe, kanga zimefungwa viunoni, na mzee mmoja mbele anasali rozari kwa sauti kavu kama anahesabu karafuu. Mie niliwahi kuchoka. Nikakaa chini ya mwembe na bibi mmoja wa Kizaramo, akanigawia muhogo wa kuchoma na kuniuliza Zanzibar Wakristo wapo kweli. Nikamwambia aje aone Minara Miwili, kanisa letu kuu hapa Mjini.

Pasaka hii nataka kwenda Bagamoyo, nikatazame makaburi ya wale Wafaransa. Twende sote kama utapata ruhusa kazini. Na kaka yako anayesomesha historia, mwulize kwa niaba yangu: kuna watu wa Pemba waliovuka kwenda kupigana upande wa Abushiri? Babu alikuwa akisema wapo, ila babu naye alikuwa akisema mengi.

Akikujibu niandikie upesi. Na usisahau ile pilipili ya kusaga, ya mwisho imekwisha.

Wako,
Rosa