Barua ya wazi kwa Bw. Nico Harrison, Meneja Mkuu wa Dallas Mavericks, timu yetu ya mpira wa kikapu

Dallas, Texas
Aprili 23, 2025

Mheshimiwa,

Salaam. Natumaini u mzima, na wachezaji wako nao hawajambo, wale wachache ambao hawajaumia.

Februari ulimpeleka nyota wetu Luka Dončić kwa Lakers ya Los Angeles, ukamchukua Anthony Davis. Juzi Jumatatu ukakaa mbele ya kamera kujieleza. Tunashukuru, maana wiki iliyopita uliwaita waandishi wa habari ukawakataza kupiga picha na video. Jumatatu hiyo ulisema ulijua Luka ni muhimu kwa mashabiki, ila hukujua ni kwa kiasi gani. Hukujua, mheshimiwa? Ungetuuliza sisi tunaoshuka treni pale Victory tukiwa bado na sare za kazini. Ungemuuliza kijana wangu, ambaye jezi yake namba 77 siku hizi anaivaa kulalia tu. Aprili 9 Luka alirudi na Lakers, akalia kwenye benchi mbele yetu, kisha akatufunga pointi 45. Ukumbi mzima uliimba jina lako usiku ule, na wimbo wenyewe unaujua: "Fire Nico", yaani Nico afukuzwe.

Kauli yako haibadiliki: ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Haya, tupige hesabu.

Anthony Davis ni mchezaji mkubwa, sibishi. Ijumaa alifunga 40 dhidi ya Memphis, na bado tukafungwa 120 kwa 106, msimu ukaishia hapo. Lakini ana miaka 32, na mechi yake ya kwanza kwetu hakuimaliza. Aliumia, akakaa nje hadi mwishoni mwa Machi. Mwenzake Kyrie Irving, miaka 33, alichanika kano ya goti Machi 3. Mnaita bahati mbaya. Mimi nahisi ni mzigo wa watu wawili aliobebeshwa peke yake. Jeraha hilo hula karibu mwaka mzima, sasa Oktoba msimu mpya ukianza nani atapandisha mpira? Klay Thompson mwenye miaka 35? Ulinzi haufungi vikapu.

Februari ulisema unatazama miaka mitatu, minne mbele. Hiyo minne ikifika, Luka atakuwa na 30. Hao wako piga hesabu mwenyewe.

Tungesema basi, tujenge upya kwa drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Kwa chaguo lipi? La 2027 tunadaiwa na timu ya Charlotte, la 2029 liko Houston, na 2028 na 2030 Oklahoma City na San Antonio wana haki ya kubadilishana zamu nasi. La Lakers ulilopewa ni la 2029. Mwaka huu nafasi yetu ya kupata chaguo la kwanza ni asilimia 1.8. Umeuza jembe mvua zikianza, mheshimiwa.

Na Juni iliyopita tu tulikuwa fainali na Boston, tumebakiza ushindi wa mechi tatu tuvae pete ya ubingwa!

Sababu ya kumtoa Luka hatujaambiwa ikaeleweka. Wengine wanasema uzito wake. Mimi nadhani ni fedha, ule mkataba wa dola milioni 345 uliokuwa unamsubiri. Kama ni kubana matumizi, mbona tiketi za msimu zimepandishwa bei? Mimi siti yangu ya juu kabisa naipata kwa saa za ziada ghalani, usiku, mgongo unauma. Timu ya ushindi 39 na vipigo 43, halafu niongeze hela.

Kwa heshima zote, naomba uachie ngazi. Wenye timu wakikukatalia, basi omba radhi, bila ile "lakini" yako. Na kama hata hilo ni zito, nakuomba jambo moja tu: usimguse kijana wetu Dereck Lively. Ana miaka 21. Usimwuze, usimbadilishe, usimtaje kwenye simu na mtu yeyote wa Los Angeles. Huyo tuachie.

Wako,
Shabiki wa siti za juu,
Vickery Meadow