Ikifika saa ya kuomba, zimeni spika

Mhariri,

Mie ni mkaaji wa Mishomoroni hapa Mombasa na nataka kusema na viongozi wa vikundi vya maombi, manake naona kitu kizuri kinapotea, kule kuomba wote kwa pamoja kila mtu na lake, na hakuna anayekisemea.

Nimelelewa Kianglikana huku Kisauni, kwa watu ambao kanisa lao wanalihesabu tangu Frere Town ya 1875, ile ya watumwa walioachiwa huru, na kwetu kuomba kwa sauti ilikuwa ni kufuata kitabu, mchungaji anasoma na sisi tunaitikia, wote maneno yale yale. Sasa miaka sita iliyopita jirani akanialika kwa kikundi chao cha Alhamisi jioni, kiongozi akasema haya tuombe, na watu kumi na wawili wakaanza mara moja kila mtu na lake. Nilishtuka. Nimekaa kwa kiti cha plastiki macho nimefumba nawaza hivi hapa kuna kuelewana kweli, mbona yule mama Hana wa kwenye Biblia, kule Shilo, alisogeza midomo tu na Mungu akamsikia.

Kando yangu alikaa mama mmoja ambaye binti yake alienda Saudia kufanya kazi za nyumba na ilikuwa wiki ya tatu simu haishikiki. Huyu mama hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anasema "mrudishe, Baba, mrudishe" tu, anapiga goti lake na kiganja pole pole, leso imemteleza begani na hata hana habari. Mie nina mambo yangu ambayo siwezi kuyatamka mbele ya watu, lakini mle ndani ya zile sauti nikajikuta nayasema kwa mdomo wangu, mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyenisikia kwa sababu kila mtu yuko na lake. Ile kelele ilinisitiri. Halafu yangu yakaisha, nikashika la yule mama, na mie nikawa nasema mrudishe.

Na si jambo la juzi hili. Soma Matendo 4, Petro na Yohana walipoachiliwa wenzao walipaza sauti pamoja. Wakorea nao tangu ule uamsho wa Pyongyang wa 1907 huomba hivo hivo, wanaita tongsung kido, mpaka leo.

Mwaka jana mtu kwa moyo mzuri kabisa akatununulia spika na maiki. Tangu hapo kiongozi anaomba kwa maiki, anapandisha, anapandisha, na sisi tumebaki kuitikia amina. Siku moja nilifungua macho katikati ya maombi nikaona midomo yote imefungwa, watu wanasubiri amalize. Majirani wenye watoto wachanga pia wamelalamika na ni haki yao, kanuni za kelele za 2009 zipo, lakini hata tungekuwa tunaombea shambani peke yetu mie ningesema hili hili. Yule mama amekaa wiki nne mfululizo sijasikia sauti yake.

Mwezi uliopita stima ikapotea wakati wa kuomba. Watu kimya. Kisha kutoka pale karibu na mlango, gizani, nikasikia "mrudishe, Baba", kwa sababu binti siku hizi anapiga simu mara moja moja lakini bado yuko kule kule, na baada yake mwingine akaanza, na mwingine, nyumba ikajaa. Ilikuwa kama dakika kumi hivi. Stima iliporudi spika ikanguruma na mama akanyamaza.

Ndugu viongozi, najua hamna nia mbaya. Maiki iwe ya mahubiri na matangazo. Mkishasema tuombe, izimeni, mje mkae kwa viti na sisi muombe yenu.

Msomaji,
Mishomoroni, Mombasa