Herufi kubwa ya Kiingereza si shikamoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba vyombo vya habari vya Magharibi vinamvunjia heshima Rais wetu kwa kuandika neno "president" kwa herufi ndogo. Uchungu wake naufahamu, kwa kuwa sisi tumezoea kuandika Rais, Waziri na Mheshimiwa kwa herufi kubwa hata pale ambapo jina la mtu halikutajwa, na anayeandika kinyume chake huonekana hana adabu. Lakini mazoea hayo ni yetu, na Kiingereza kina yake.

Ukiacha ile ya kuanzisha sentensi, kazi kuu ya herufi kubwa katika Kiingereza ni kumjulisha msomaji kwamba neno analolisoma limetumika kama jina la mtu, watu, mahali au kitu mahususi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulitambua jambo hili katika jozi za maneno: "china" ni vyombo vya kauri, "China" ni nchi, "march" ni kutembea kwa gwaride, "March" ni mwezi wa tatu, "polish" ni kung'arisha viatu, "Polish" ni chochote chenye asili ya Poland. Kwa msingi huohuo, mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press, unaofuatwa na magazeti mengi ya Marekani, unaagiza kwamba cheo kianze kwa herufi kubwa pale tu kinapotangulia jina la mwenye cheo. Kikisimama peke yake huandikwa kwa herufi ndogo, awe anayetajwa ni rais wa Tanzania, rais wa Marekani au hata papa. Kama huko ni kuvunjiwa heshima, basi wamevunjiwa wote.

Wapo pia wanaodai kwamba Waingereza wana majivuno kwa sababu kiwakilishi chao cha nafsi ya kwanza, "I", huandikwa kwa herufi kubwa popote kilipo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi hayana makuu kiasi hicho: katika miswada ya Zama za Kati iliyoandikwa kwa mkono, kijistari kimoja kilichosimama peke yake kilikuwa rahisi kupotea katikati ya maneno, hivyo waandishi wakakirefusha ili kionekane. Na lau herufi kubwa ingekuwa kipimo cha utukufu, wafasiri wa Biblia ya Kiingereza iitwayo King James, ya mwaka 1611, wasingemwandika Mungu kwa "he" na "him" zenye herufi ndogo.

Hata hivyo, ipo hoja nzito ambayo msomaji mwenzangu angeweza kuitumia dhidi yangu, nayo inatoka Marekani. Mwaka 1899, katika utafiti wake kuhusu Wamarekani Weusi wa Philadelphia, msomi Mmarekani Mweusi W. E. B. Du Bois alieleza kwamba angeandika "Negro", neno lililotumika enzi hizo kuwataja watu Weusi, kwa N kubwa kwa kuwa aliamini Wamarekani milioni nane wanastahili herufi kubwa. Gazeti la New York Times lilikubali kufanya hivyo Machi 1930, na likatamka wazi kwamba hayo hayakuwa mabadiliko ya kichapa tu, bali ni kutambua utu wa watu waliokuwa wamewekwa kwa vizazi vingi katika "kasha la chini". Wapiga chapa wa zamani walikuwa wakihifadhi herufi kubwa katika kasha la juu na ndogo katika kasha la chini, na Waingereza huziita kwa majina ya makasha hayo hadi leo. Mhariri wa New York Times alijua anasema nini. Kisha, mwaka 2020, baada ya Mmarekani Mweusi George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, Associated Press na New York Times zikaamua kuandika "Black" kwa B kubwa zinapozungumzia watu, huku rangi yenyewe ikibaki na b ndogo.

Sikatai kwamba hapo heshima ilikuwemo. Ninachosema ni kwamba heshima hiyo ilipitia mlango wa jina. Waliodai B kubwa walidai kutambuliwa kuwa ni watu wenye historia na utambulisho wao, kama Waairishi na Wayahudi, ambao kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa. Kuhusu "white", Associated Press iliamua kuiacha na herufi ndogo, ilhali gazeti la Washington Post likaipa herufi kubwa. Kwa maoni yangu Washington Post ilifuata sarufi kwa ukamilifu zaidi, ingawa najua wengi watanipinga.

Kinachonisumbua zaidi kiko hapahapa nyumbani, katika mikataba ya Kiingereza ambayo wananchi wetu wanatia saini. Wanasheria wanayo desturi ya kuchukua neno la kawaida, kulipa herufi kubwa na kulifafanua katika ukurasa wake maalumu, na kuanzia hapo maana ya kamusi haitegemewi tena. Katika mkataba mmoja wa mkopo wa pikipiki ambao jirani yangu aliniomba nimsomee, yeye alikuwa ameelewa kwamba "default" ni kushindwa kulipa rejesho. Mkataba ulisema "Default", kwa D kubwa, na ukurasa wa pili ulieleza kuwa neno hilo linajumuisha kuhama makazi bila kutoa taarifa kwa maandishi na kuchelewa kukata bima. Marejesho yote alikuwa amelipa kwa wakati, lakini alikuwa amehama mtaa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, badala ya kuhesabu herufi ndogo za magazeti ya ng'ambo, naomba gazeti lako liwaalike wanasheria wawaeleze wasomaji namna ya kusoma ukurasa huo, na wakopeshaji nao wahimizwe kuutoa kwa Kiswahili kabla mteja hajapewa kalamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, Morogoro